Nta Ndani ya Rejeta

Likizo ile nilirudi Tabora kutoka chuoni Kampala, meli mpaka Mwanza na treni mpaka nyumbani, na kwa mara ya kwanza sikumkuta baba stesheni. Nikajitwika sanduku langu la vitabu mpaka kwetu Kitete. Mama alikuwa uani akipepeta karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba yako yuko kwa tajiri wake. Gari limechemka tena."

Lile "tena" alilitamka kama mtu anayetoa habari za mgonjwa wa siku nyingi.

Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mwenye duka karibu na soko. Lori lilipeleka Nzega chumvi, nguo na mafuta ya taa, likarudi na karanga, ngozi na nta ya nyuki. Lilikuwa lori la zamani, pua ndefu, rangi ya kijani iliyopauka, na baba alikuwa ameliendesha tangu nikiwa shule ya msingi. Watu wa mtaa wetu hawakusema "lori la tajiri". Walisema lori la baba yangu, na yeye hakuwasahihisha.

Alipokuja kula mchana, aliitikia shikamoo yangu, akanawa, akala. Kisha akasema, akitazama sahani: "Tajiri amesema likichemka tena na mzigo njiani, funguo niziache mezani kwake."

"Ampe nani?" mama akauliza.

"Wapo vijana wengi wenye leseni."

 Nilijua hasemi habari ya kazi peke yake. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka kwetu Unyanyembe mpaka pwani na kurudi na bando za kitambaa, na kutoka kwake nyumba yetu ilirithi msemo mmoja: mpagazi hatui mzigo porini. Baba aliuchukua msemo huo akaupandisha kwenye lori. Aliwahi kulala siku mbili na gari bovu kuliko kuacha magunia ya watu peke yake njiani. Na mara hizi tatu lori lilipochemka, mzigo ulilazimika kushushwa na kupandishwa gari la mtu mwingine, mbele ya macho yake.

Mimi msemo ule nilikuwa nauchukia. Chuoni nilikuwa nimesoma vitabu vya wasafiri wa Kizungu waliosema Mnyamwezi amezaliwa kubeba, kama vile punda, na nilijiuliza kwa nini sisi wenyewe tujisifie jambo ambalo wengine walilitumia kutukalisha chini ya mzigo. Nilikwisha kumwambia baba hivyo likizo iliyotangulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Waliobebewa ndio walioandika." Akaenda kulala.

Basi siku ile nikamwambia, "Baba, nitalitazama gari."

"Wanawafundisha magari huko?"

"Wanatufundisha kuuliza."

"Haya. Kaliulize."

Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya duka la tajiri, na kila dereva aliyepita alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema kuna mtu amefukia dawa mahali baba anapoegesha. Nikamwuliza kwa nini basi lori halichemki hapo linapoegeshwa, ila linachemka mwendo wa saa moja kutoka hapo. Akaniambia elimu imenifanya nisiwe na heshima. Mwingine alisema ni uzee tu. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake bila hata kufungua boneti sawasawa: kichwa cha injini kimepinda, ifunguliwe yote, vipuri viagizwe Dar es Salaam. Nikalitia lori maji, nikaliwasha, nikachungulia mdomo wa rejeta, lile sanduku la shaba mbele ya injini ambamo maji ya moto hupita yapozwe na upepo. Kama kichwa kingekuwa kimepinda, moshi ungepenya majini na mapovu yangepanda. Hayakupanda. Nikamwambia fundi hivyo. Akaokota spana zake, akaenda zake.

Nilifurahi mno. Nilishika mkanda wa feni nikauona umelegea, na mbele ya rejeta nikaona kiriba cha turubai cha maji ya kunywa, ambacho madereva wetu hukitundika hapo ili upepo uyapoze. Nikatangaza mbele ya watu wote: feni haivuti upepo, na upepo wenyewe umezibwa na kiriba. Nikakaza mkanda. Kiriba nikakihamishia ubavuni.

Tajiri alitoka dukani, mikono nyuma. Alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha walimu wangu.

"Msomi amemaliza?"

"Nimemaliza. Naomba tulijaribu kabla ya kupakia mzigo wa watu."

"Jaribuni. Pakieni matofali. Safari ya matofali siihesabu. Lakini Jumamosi kuna chumvi ya Nzega, na hiyo naihesabu."

Tukaondoka Jumanne asubuhi, baba kwenye usukani, mimi kando yake, na juu ya matofali utingo wetu. Utingo huyo, mpakiaji na msaidizi wa baba, alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, Mgogo wa huko Dodoma, na kwa hiyo mtani wetu halali. Wagogo na Wanyamwezi wametaniana tangu siku za misafara, nao hawana simile.

Tulikwenda vizuri. Nilikuwa nimeanza kueleza habari za msukumo wa hewa. Tulipokaribia Isikizya, mvuke ukatoka mbele ya kioo kama sufuria iliyofunuliwa, na baba akatia gari pembeni. 

Utingo alishuka na debe lake, akaenda kwenye dimbwi bondeni, akarudi akihema.

"Enyi Wanyamwezi!" akasema. "Babu zenu walipita kwetu na mizigo vichwani, tukawatoza hongo ya kupita kila kisima. Ukitaka maji, lete kitambaa. Leo mimi ndiye ninayewatekea, bure! Babu yangu huko kaburini amegeuka."

"Tia maji, Mgogo, punguza mdomo," baba akasema. "Kwenu mtu akiona maji anadhani ni maziwa yaliyoharibika."

"Na huyu msomi wenu? Niliambiwa amelitibu."

 Nilikuwa nalitazama lile jambo la ajabu lililokuwa likitokea kwenye pua ya gari. Nyuki walikuwa wamekuja. Wawili watatu kwanza, kisha kundi, wakizunguka mfuniko wa rejeta.

"Tazameni!" utingo akacheka. "Hata nyuki wamekuja kudai hongo."

"Ni kiangazi," nikasema. "Nyuki wanatafuta maji."

"Maji yako bondeni, mazuri, baridi. Nimetoka huko sasa hivi, sikuona nyuki hata mmoja. Mbona wanataka haya ya moto?"

Swali lile lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa zuri na halikuwa langu. Nikasogea. Nikanusa. Mvuke wa rejeta yetu ulinukia mishumaa, ile mishumaa ya nta tuliyowasha kanisani usiku wa Noeli.

"Baba," nikauliza, "uliwahi kutia kitu humu zaidi ya maji?"

Akanitazama kama mtu ambaye hatimaye ameulizwa. "Nta," akasema. "Hukuambiwa? Tabora nzima inajua."

Akaeleza, na alivyoeleza uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Miezi kadhaa nyuma, akitoka Nzega na mzigo wa karanga, rejeta ilipasuka mshono chini, ikawa inavuja. Pale porini hakuna fundi, hakuna lehemu ya kuzibia. Lakini kulikuwa na warina asali, na baba akakumbuka jinsi kibuyu kilichopasuka kinavyozibwa kwetu: unayeyusha nta, unaimimina ndani, unazungusha kibuyu taratibu, nta inautafuta ufa yenyewe na kuganda mahali hewa inapopenya. Akaomba bonge la nta. Akaacha injini ipate moto, akaitia kipande kwa kipande. Mshono ukaziba. Akafika Tabora na magunia yote.

"Madereva walikuja kutazama," akasema. "Mpaka Wazungu wa reli. Mmoja akaandika kwenye daftari."

"Ni kweli," utingo akaitikia. "Nilikuwapo. Sisi Wagogo tungeziba kwa kinyesi cha ng'ombe."

"Na baada ya hapo?" nikauliza.

"Baada ya hapo, kila ikitoa jasho kidogo naiongeza kidogo."

 Nilikuwa nimeiuliza injini kila kitu, nikauliza mkanda, nikauliza mapovu, na dereva aliyekaa nayo miaka yote hiyo sikumwuliza neno. Na sasa jibu nililokuwa nalo lilikuwa ni kumnyang'anya jambo alilojivunia kuliko yote.

Nikangoja gari lipoe. Tukaliwasha tena, likaanza kupata joto, nikaweka kiganja juu ya rejeta. Moto. Nikakishusha katikati. Uvuguvugu upande mmoja, baridi upande mwingine. Chini, karibu pote, baridi kama chungu cha maji.

"Baba, weka mkono wako hapa. Sasa hapa."

Akaweka. Akaushusha. Akaupandisha, akaushusha tena, polepole, kama mtu anayepapasa tumbo la mtoto anayeumwa. Nilianza kueleza kwamba nta huyeyuka kabla maji hayajachemka, kwamba inatembea na maji, na ikifika kwenye vijia vya chini ambako upepo unapiga...

"Inaganda," akamalizia yeye. "Mahali penye baridi. Kama kwenye kibuyu." Akaondoa mkono. "Imetafuta ufa, na ufa ulipokwisha ikaziba njia."

Aliielewa haraka kuliko nilivyoielewa mimi, na bila kitabu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Basi mgonjwa nimemlisha sumu mimi mwenyewe." Hata Mgogo hakutania.

Tulirudi mwendo wa kinyonga, tukisimama kila mara. Jumatano asubuhi baba akaifungua rejeta kwa spana zake, tukaibeba mpaka uani kwetu. Nilijua dawa: maji ya moto. Nikachemsha birika, nikamimina juu. Maji yakatoka chini kwa shida, membamba, kama mkojo wa mbuzi, na vijipande vya nta. Nikamimina birika la pili, la tatu, la saba. Yakatoka vilevile.

Mama alikuwa akinitazama kwa muda. "Unaihamisha nta," akasema. "Huitoi."

"Mama, inayeyuka."

"Inayeyuka juu, inaganda chini. Birika lako linapoa kabla halijafika. Mtungi wa asali hausafishwi kwa kumwagiwa. Unatumbukizwa mzima, unachemka nao."

"Lakini hii si mtungi."

"Ina tundu juu, ina tundu chini, imejaa nta. Haya, msomi, niambie tofauti yake."

Baba akacheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka likizo ile.

Tukaazima pipa kwa jirani, tukaliweka juu ya mafiga makubwa, tukalijaza maji. Niliuliza kama lehemu za rejeta hazitayeyuka, nikajijibu mwenyewe kwamba haziyeyuki kwa maji yanayochemka, na mama akasema kama nimemaliza kujijibu nilete kuni. Akaingia ndani akatoka na magadi, yale yale anayotia kwenye maharage ili yaive upesi, akamimina bakuli zima. "Mafuta huogopa magadi," akasema. Tukaizamisha rejeta kwa waya. Mara matone ya manjano yakaanza kupanda, moja moja, halafu mengi, yakitanda juu kama mafuta juu ya mchuzi. Ua wote ukanukia kanisa.

Nilitaka kuzima moto tuache ipoe. Mama akanizuia mkono. "Ukiiacha ipoe humo, nta inarudi nyumbani kwake. Engua kwanza. Kisha itoe maji yakiwa yanatokota." Akaengua kwa upawa na kumimina kwenye sufuria kuukuu. Tuliigeuza rejeta kichwa chini, tukabadili maji, tukachemsha tena. Mara ya tatu juu ya maji hakikupanda kitu.

Baba akaisimamisha kwenye mawe mawili, akaimiminia ndoo nzima mdomoni. Maji yakashuka kwa mkupuo, yakatulowanisha miguu. Na pembeni, chini, kwenye mshono, tone likatoka, likafuatwa na jingine.

"Ndio ule ufa," baba akasema. "Ndio ule wa kwanza."

Tukaipeleka kwa fundi wa lehemu, mzee wa Kiarabu anayeziba mabirika ya kahawa kule sokoni. Akaukwangua mshono mpaka shaba ikang'aa, akauziba kwa muda mfupi tu.

"Kazi ndogo hii," akamwambia baba. "Ungeniletea mwanzo."

"Mwanzo nilikuwa porini," baba akasema, "na nilikuwa na mzigo wa watu."

Alilisema bila kujitetea. Mimi ndiye niliyebaki nalo njia nzima ya kurudi, nimeshika upande mmoja wa rejeta na yeye upande wa pili. Pale porini, siku ile, nta ilikuwa jibu sahihi, na mimi na vitabu vyangu vyote nisingelipata. Kosa lake lilikuwa nta ya pili, ile aliyoitia akiwa amekwisha kufika nyumbani, umbali wa kutupa jiwe kutoka kwa mzee wa mabirika.

Jumamosi tukapakia chumvi. Tajiri alisimama mlangoni akitutazama. Baba alikwenda kwa mwendo wake wa siku zote, si wa haraka si wa pole, mkono mmoja nje ya dirisha. Mimi nilikuwa nautazama mfuniko wa rejeta mpaka macho yakaniuma. Tulipofika Isikizya, utingo akagonga paa la gari kwa viganja vyote viwili.

"Hongo! Hongo! Hapa hampiti bila kulipa!"

Baba akasimamisha gari, lakini si kwa sababu ya mvuke. Hapakuwa na mvuke. Akashuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya rejeta, akakishusha mpaka chini kabisa. Akakirudisha. Kisha akanivuta mkono wangu, kama alivyonivuta zamani nikijifunza kuvuka barabara, akaubandika pale chini.

Ilikuwa moto. Pote sawasawa, juu na chini.

"Vipi?" akauliza.

"Moto, baba."

"Sema tena, Mgogo asikie."

"Moto mpaka chini!"

"Nimesikia," utingo akajibu kutoka juu ya magunia. "Mtu wa kwanza kuona Wanyamwezi wanashangilia gari kuwa na joto ni mimi."

Tulifika Nzega mchana, tukashusha chumvi yote kwa mikono yetu wenyewe, hata mimi niliyeuchukia msemo wa mpagazi. Gunia la kwanza lilinilaza chali, na utingo akatangaza sokoni kwamba huyu si Mnyamwezi, mrudisheni mlikomtoa. La pili nililifikisha. Nilimwona baba akihesabu hatua zangu.

Jumatatu, tukiwa tumerudi na karanga na ngozi, tukaingia dukani kwa tajiri. Alikuwa nyuma ya meza yake, mizani kando.

"Limechemka?"

"Halikuchemka," baba akasema.

"Hata mlimani?"

"Hata mlimani."

Baba akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Nilisikia funguo zikilia humo, na kwa nukta moja nikaogopa, nikidhani kiburi kimempanda na anataka kuzitupa. Akatoa kitu kingine, akakiweka mezani. Lilikuwa bonge la nta, duara kama sahani, lenye rangi ya kijivujivu, ambalo mama aliligandisha kwenye sufuria yake kuukuu.

"Ulisema niache kitu hapa mezani," baba akasema.

Tajiri akalichukua. Alikuwa mnunuzi wa nta tangu ujana wake, na mikono ilifanya kazi yenyewe: akalinusa, akalikwangua kwa ukucha, akaliinua kwenye mwanga, akaliweka kwenye mizani. Kisha akashtuka kuona anachofanya.

"Chafu hii. Ina nini?"

"Kutu ya gari lako. Nta yenyewe mimi ndiye niliyeitia, mwanangu ndiye aliyeiuliza, mama yake ndiye aliyeitoa."

Madereva waliokuwa barazani wakasogea mlangoni. Baba akawasimulia yote, kutoka karanga za Nzega mpaka nyuki wa Isikizya, bila kuruka sehemu yoyote aliyokosea, na pale pa kiganja na baridi alimchukua kijana mmoja dereva akamwonyesha kwa mkono wake, hapa, kisha hapa. Sikuwahi kumsikia mwalimu yeyote akieleza vizuri namna ile. Fundi aliyetaka injini ifunguliwe alikuwapo. Aliuliza maswali mawili, mazuri yote.

Tajiri akaliondoa bonge kwenye mizani, akamnyoshea baba. "Chukua nta yako."

"Kaa nayo," baba akasema. "Siku dereva wako yeyote akienda safari, mpe kipande atie mfukoni. Gari likivuja porini, aitie." Akageuka akanitazama, kisha akawatazama wale vijana mlangoni. "Lakini akifika nyumbani, aitoe."

Tukatoka. Utingo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori akila karanga ambazo hazikuwa zake. Baba akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akapanda.